Picha ya mama yangu ndiyo inayotuchangishia fedha

Shikamoo mama,

Nakuandikia kutoka Tennessee, Marekani, kwenye chumba cha wageni cha kanisa ambalo jina lake nimeshalisahau, Mungu anisamehe. Ni saa sita usiku. Watoto wamelala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja (ni watoto wa Mzungu kweli, ucheke tu), baba yao yuko sakafuni kwenye godoro la kujaza upepo, na mimi nimejifungia bafuni ili mwanga wa simu usiwaamshe.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, nina miaka 36. Mume wangu ni Mmarekani, Mbaptisti wa yale makanisa yanayojitegemea, ambayo hayana askofu wala makao makuu. Tulikutana Dar es Salaam alipokuja kujitolea, tukaoana, tukahamia kwao, tukajaliwa binti, sasa ana miaka 9, na kijana wa miaka 6. Miaka mitatu iliyopita akasema ameitwa kutumika Tanzania, kufundisha wachungaji mkoani Lindi. Nilifurahi kuliko yeye. Wenzake wanasema anakwenda ng'ambo. Mimi nasema narudi nyumbani.

Labda nieleze utaratibu. Katika makanisa haya hakuna bodi inayokulipa mshahara. Unazunguka mwenyewe kanisa kwa kanisa, unahubiri, unaonyesha picha, unaeleza mzigo ulio nao, na kanisa likiguswa linaahidi kiasi cha kila mwezi. Wengi huahidi dola 50, wengine 75, mara chache 100. Jumapili asubuhi mpo kanisa hili, jioni lile, Jumatano usiku jingine. Katikati ni barabara. Tuna miezi 16 tangu tuanze, tumetembelea makanisa 94, na tumefikia asilimia 57 ya kinachohitajika. Watoto wanasomea garini.

Sitaki uone nalalamika tu, maana watu hawa ni wakarimu. Mzee mmoja Alabama aliyaona matairi yetu wakati tunaingia ibadani. Tulipotoka tulikuta mapya manne. Bibi mmoja Kentucky alitufulia nguo zote mpaka soksi, akazipiga pasi. Nimekula maharage machanga yaliyookwa kwa rojo ya uyoga katika majimbo sita, na kila mwenyeji anaamini ndiye aliyeyabuni. Kuchoka nimechoka, lakini kuchoka hakujanifanya nikuandikie.

Kwenye makanisa haya mwanamke hasimami mimbarini. Kazi yangu ni kuimba ubeti mmoja kwa Kiswahili, kisha nisimame nyuma kwenye meza yetu yenye kitenge, vikapu, ramani na kadi za maombi, zile zenye picha ya familia ambazo watu hubandika kwenye friji. Anayesimulia ni mume wangu.

Katika picha anazoonyesha kuna moja, ya kumi na saba, nimeshaihesabu. Ni ya mwanamke aliyechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza moto. Moshi umemjaa usoni, jicho moja kalifumba, kilemba kimeteleza mpaka nyuma ya sikio, na kandambili moja imefungwa kwa waya. Ukuta nyuma yake ni masizi matupu. Juu ya picha pameandikwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya "Wanangoja". Ikifika hapo mume wangu hupunguza sauti, hukaa kimya kidogo, halafu huzungumzia watu ambao bado hawajasikia. Ndipo leso zinapotoka mikobani.

Mama, yule ni mama yangu mzazi.

Picha niliipiga mimi kwa simu yangu, mwaka juzi tulipokwenda kusalimia. Siku ile alikuwa anapika ndizi na nyama za watu kama thelathini waliokuja kutupokea sisi. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma na bati, umeme upo, jiko la gesi liko ndani. Alitoka nje kupikia kwenye mafiga kwa sababu sufuria la shughuli halikai kwenye gesi. Na huyo anayengoja kuisikia Injili amefundisha Shule ya Jumapili tangu kabla sijazaliwa. Mistari ya kwanza niliyoijua kwa kichwa, yeye ndiye aliyenikaririsha tukichambua maharage uani.

Mume wangu hasemi uongo wa wazi. Hajawahi kusema huyu hajaokoka, wala hasemi ni mkwewe. Anaweka picha, anaweka neno, anashusha sauti, watu wanamalizia wenyewe. Na alipokuwa anazipanga picha aliniuliza, "Hii naweza kuitumia?" Nilikuwa namsuka binti, nikasema tumia. Lile neno la juu liliongezwa baadaye.

Wiki mbili zilizopita, kaskazini mwa Georgia, nilikuwa nimekaa na watoto benchi la nyuma. Binti yangu ameshazisikia hotuba za baba yake mara nyingi hata anazifuatisha kwa midomo bila sauti, na utani wake wote. Ilipofika picha ya 17 midomo yake ikaacha. Akaninong'oneza, "Mama, kumbe bibi ni maskini?" Nikamwambia nyamaza, tuko kanisani. Baada ya ibada ajuza mmoja akaja mezani, akanishika mkono, akanibania dola 20 kiganjani, akasema, "Za yule mama wa kwenye moshi." Nikasema asante. Sikusema ni mama yangu. Zile dola bado ziko ndani ya Biblia yangu, sijamwonyesha mtu.

Siku hiyo kanisa lile lilituahidi dola 100 kwa mwezi.

Nifanyeje? Nikimwambia aiondoe picha, ahadi zitapungua, na kila mwezi unaoongezeka barabarani watoto wanazidi kuwa watu wa mabegi. Nikinyamaza mpaka tufikie asilimia 100, inaweza kuwa mwaka mzima mwingine wa kumwangalia mama yangu akipuliza moto. Mama mwenyewe hajui. Kila nikimpigia huniuliza, "Hao wa huko wanatuombea?" Namjibu wanawaombea sana.

Wako,
Mwenye dola ishirini, Tennessee


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama bafuni. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, anajificha usiku kumwandikia mtu asiyemjua habari za mama yake, na mwenye kuhusika amelala hatua tatu kutoka mlangoni. Nitaanzia hapo kwa ukali kidogo, kisha nitalegea. Umemwambia nani habari hii? Umeniambia mimi, na sasa umewaambia wasomaji wangu wote. Mume wako hujamwambia. Ulivyoandika, anachojua yeye ni kwamba aliuliza, ukasema tumia.

Nakuelewa kwa nini umenyamaza, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa picha.

Nilikuwa na miaka 11, baba yangu ametutoka miezi michache nyuma, na kanisa letu lilikuwa linatafuta bati. Unajua changizo za kwetu zinavyokwenda: mgeni rasmi, kwaya waalikwa, na mnada ambao yai moja hununuliwa kwa bei ya jogoo. Mzee aliyekuwa anaongoza akaona watu wamepoa. Akaniita mbele nikiwa na sare ya kwaya ya watoto, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Huyu hana baba. Mvua ikinyesha analowa humu humu na sisi." Hakukuwa na uongo hata chembe. Vikapu vilijaa, na mimi nikapewa soda baridi, ya peke yangu, sikugawana na mtu. Mama yangu alikuwa amekaa upande wa wanawake. Njia nzima kurudi nyumbani hakunitazama, na mpaka anaingia kaburini hatukuwahi kulizungumza jambo lile.

Bati zile zipo mpaka leo. Nimefungia ndoa chini yake na sina kinyongo nazo. Lakini naweza kukuonyesha mahali kwenye kichwa changu ule mkono ulipokaa.

Kwa hiyo sitakwambia mume wako ni mtu mbaya, kwa sababu yule mzee hakuwa mbaya. Alikuwa na kanisa lisilo na paa. Mume wako ana familia garini na asilimia 43 zilizobaki. Anapanga picha usiku, anaona hii watu wanalia, ile wanasinzia. Angekuwa malaika asingeona tofauti. Ila amezoea, na mtu akishazoea kushusha sauti mahali fulani, haulizi tena anaishushia nini.

Sasa turudi kwenye hiyo picha, maana nadhani hata wewe hujaiona yote.

Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walifika Tanganyika mwaka 1956, na huko kwenu Mbeya na Rungwe ndiko kazi yao ilikoshika mapema. Fanya hesabu ya umri wa mama yako. Hukusema kanisa lake ni lipi, ila kama ni la Kibaptisti, kanisa lile na yeye wamekua pamoja. Wale waliokuja walikuwa Southern Baptist, ndugu wa mbali wa mume wako, ambao tangu mwaka 1925 makanisa yao hutia fedha kwenye mfuko mmoja, kwa hiyo mmisionari wao hazunguki na begi la picha kutafuta dola 50. (Nilipokuwa nasoma habari za hayo matairi niliwaonea wivu kwa niaba yako. Mume wako atakwambia kanisa lina haki ya kumwona usoni mtu linayempa fedha, na hapo sitabishana naye.) Vyovyote vile, kulikuwa na akina mama katika majimbo hayo hayo mnayopita, wanaokula maharage hayo hayo ya uyoga, waliotoa senti zao ili mtu aende Nyanda za Juu Kusini. Wengi wao wamekufa bila kujua zilikwenda wapi.

Zilikwenda kwa yule mwanamke anayepuliza moto. Miaka zaidi ya thelathini ya Shule ya Jumapili, watoto wangapi wa Rungwe wamepita mikononi mwake, na mmoja wao amekaa benchi la nyuma Georgia akiambiwa mwalimu wake bado anangoja. Ningekuwa mimi ndiye ajuza mwenye dola 20, ningependa zaidi kuambiwa hilo. Ningeomba niletewe kiti.

Kwa hiyo swali lako la kuondoa picha au kuiacha, mimi naliona limekuja mapema. Kwanza neno lile la juu liondoke, hilo halina mjadala na halingoji mtu. Picha yenyewe ni ya mama yako. Aulizwe yeye. Anaweza kusema iondoeni, nimevaa kandambili yenye waya. Anaweza pia kusema iacheni, ila waambieni nilikuwa napikia watu thelathini. Mimi na wewe tunamsemea tu, na tukiendelea kumsemea hatutakuwa tofauti sana na mwenye projekta.

Ulipoandika "nikasema tumia" nilimkumbuka Dorothy, mke wa William Carey. Mume wako anamjua Carey, hakuna Mbaptisti wa misheni asiyemjua: fundi viatu wa Uingereza aliyekwenda India mwaka 1793. Muulize kama anamjua mkewe. Dorothy alikataa kwenda. Alikuwa mjamzito, hajawahi kuiona bahari, na mumewe akaanza safari na mtoto mmoja tu. Safari ikakwama bandarini, Carey akarudi nyumbani, akamkuta ameshajifungua, wakamsihi, na akakubali hapo hapo, mizigo ikifungwa kwa haraka, kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Mwaka uliofuata wakamzika mtoto wao Peter. Akili ya Dorothy ikavunjika na haikurudi mpaka alipofariki mwaka 1807.

Sikutishi. Wewe unarudi kwenye ndizi zako, yeye alikuwa anapelekwa asikokujua. Nakuonyesha tu ile "ndiyo" yake, na yako ya wakati unasuka nywele. Mume aliyesikia ndiyo hana sababu ya kuuliza tena. Ni wewe wa kurudi na kusema, ile ndiyo yangu niliitoa mkono ukiwa kwenye kichwa cha mtoto, naomba tuizungumze upya.

Namna ya kusema. Usiseme garini mkielekea kanisani, atapanda mimbarini na moyo umemvurugika, kisha mtalaumiana. Usiseme Jumapili usiku, sauti imemwisha na wewe machozi yako karibu. Ngoja Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa na madaftari yao. Fungua picha ya 17 kwenye kompyuta, kaa naye, umwambie, "Baba watoto, nisimulie unachokiona hapa." Mwache aseme. Halafu msimulie wewe, na uanze na sufuria: la nani, limeazimwa wapi, kwa nini halikai kwenye gesi, na kwamba alikuwa anampikia yeye, mkwe wake. Alikula zile ndizi, atakumbuka. Sauti yako ikikatika, acha ikatike. Kisha mwambie binti yako aliuliza nini kanisani. Hiyo usiiache. Mwanamume anaweza kubishana na mkewe kuhusu picha, lakini "kumbe bibi ni maskini" ina mlango wake wa kuingilia.

Akijitetea kwamba hakusema uongo, mkubalie, maana ni kweli, na wewe umeniandikia hivyo hivyo. Mwambie shida ni pale watu wanapomalizia wenyewe, na yeye anajua wanamalizia nini, ndiyo maana anakaa kimya kidogo.

Akikataa kabisa, mna kanisa linalowatuma. Mchungaji wenu wa nyumbani ndiye mwenye sauti juu ya safari hii kuliko hao 94. Nendeni wote wawili, na mke wa mchungaji awepo. Lakini sidhani kama mtafika huko. Mtu aliyeuliza "hii naweza kuitumia?" mara ya kwanza anaweza kuuliza mara ya pili.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli. Baadhi ya makanisa yatatoa kidogo. Kuna watu wanaopenda Mwafrika anayengoja, na ukiwaletea Mwafrika anayefundisha watafunga mkoba. Hukusema bajeti yenu ni kiasi gani, basi tuseme ni dola 6,000 kwa mwezi pamoja na bima, shule na nauli. Ahadi ya dola 50 haifiki hata asilimia moja. Makanisa matano yakiwapita kando kwa sababu ya picha, mmepoteza kama asilimia nne. Ni miezi michache zaidi ya maharage ya uyoga. Sikatai kwamba inauma, hasa kwa watoto, ila siyo shimo ulilolichora saa sita usiku.

Na kuna upande mwingine. Mkifika Lindi, mtakaa na wachungaji wenye simu. Wageni watakuja kutoka hayo makanisa kuwatembelea, kama wanavyokuja siku zote, na mtu mmoja atamwambia mama yako akimshika mkono, "Tulikuona kwenye picha, tulikuwa tunakuombea uokoke." Heri aambiwe na wewe leo.

Umesema mimbarini huna mdomo. Sina ugomvi na utaratibu wa kanisa la watu, lakini midomo unayo mitatu na hujaitumia. Kwanza ile meza. Umesimama nyuma yake miezi 16 ukiuza huruma bila kupenda. Badilisha kilicho juu yake. Toa vikapu viwili, weka picha ya mama yako na darasa lake la Jumapili, na jina lake kama ataridhia. Pili vikao vya akina mama, najua makanisa hayo wanavyo, na huko unaruhusiwa kusema mpaka chai ipoe. Tatu barua ya maombi mnayowatumia kila mwezi. Nani anaiandika? Kama ni yeye, omba uandike wewe ya mwezi ujao, na habari yake iwe moja tu, sufuria lile.

Tena mkipita Georgia, wasimulieni habari za George Liele. Alizaliwa mtumwa Virginia, akahubiri hapo hapo Georgia, akaachiwa huru, na mwanzoni mwa miaka ya 1780 akaenda Jamaica, kama miaka kumi kabla Carey hajapanda meli. Hakuwa na kanisa hata moja la kumwahidi chochote. Nauli yake ilikuwa deni, akalilipa kwa kutumika, huku anahubiri. Wengi humhesabu kuwa Mbaptisti wa kwanza kutoka Marekani kwenda kuhubiri ng'ambo, na alikuwa mtu mweusi. Binti yako anahitaji kulisikia hilo kabla hajasikia picha ya 17 mara nyingine.

Na huyo binti, leo hii, kabla ya mambo ya Jumatatu, una deni naye. Ulimwambia nyamaza, na kweli mlikuwa kanisani, lakini mmeshatoka. Usimpe hotuba. Mpigie bibi yake kwa video, mpe mtoto simu, uondoke. Mwache bibi amzungushe: gesi hii hapa, friji hii hapa, parachichi zile pale, mafiga yale nje, na sufuria lile lililokupikia. Bibi aliyefundisha watoto miaka yote hiyo atajua la kusema kuliko mimi.

Zile dola 20 umezitunza vizuri, na zimetosha kukaa humo. Hazina uhusiano na hesabu za misheni wala si zako. Ajuza alisema ni za yule mama wa kwenye moshi, basi mtumie. Mwambie zimetoka kwa nani na kwa nini, kisa chote, pamoja na wewe kusema asante ukanyamaza. Usimfichie sehemu ile. Atakucheka kwanza, nadhani, kisha atanyamaza kidogo, na katika kunyamaza huko usijaze maneno. Mimi na mama yangu tulinyamaza mpaka tukachelewa.

Usimpigie Jumapili mkiwa njiani, kwake itakuwa usiku amechoka. Mpigie Jumamosi, kwa saa za huko mashariki mwa Tennessee saa mbili asubuhi, maadam hamjarudisha saa zenu nyuma. Kwake itakuwa saa tisa alasiri, ametoka shamba, ameoga, na hajaanza kuandaa somo la watoto la kesho.